Habari za Kikanda na Elimu ya Kutambua Majani ya Dembo

Katika nchi za baridi, ambako vitunguu na saumu vya porini huota vyenyewe katika viwanja vya majani na kandokando ya mashamba kila baridi inapopungua, mtu atamaniye kuvichuma hufundishwa kanuni moja fupi ambayo hata mtoto aweza kuihifadhi: alisugue jani baina ya vidole vyake, kisha alinuse, likitoa harufu ya kitunguu, na ale, lisipotoa, na aliache lilipo, kwani yapo majani yafananayo nayo kwa sura na urefu ambayo ndani yake mna sumu ya kuua. Pua ndiyo hakimu wa kesi hiyo, na hukumu yake aghalabu haikatiwi rufaa. Watu wa Haut-Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, hawakujaliwa wepesi huo. Ni kweli kwamba katika nyika za kusini na kati ya Afrika iko jamii ya mimea iitwayo Tulbaghia, yenye harufu ya saumu isiyofichika, na mmoja wao hubeba jina la Cameron, yule Mwingereza aliyelivuka bara toka Bagamoyo hadi pwani ya Benguela baina ya mwaka 1873 na 1875. Lakini riziki kubwa iliyofichwa chini ya majani ya nchi hii haina harufu ya kuitangaza, na wale walioigundua na kuifanya chakula walilazimika kujenga elimu nyingine, elimu ya macho, ya vidole na ya kukumbuka mahali. Riziki hiyo ni kikanda.

Mgeni aingiaye leo katika masoko ya Lubumbashi hukutana nacho juu ya sinia, kimekatwa vipande, rangi yake ya hudhurungi iliyokolea, ngozi yake imekauka kidogo kwa moto na ndani ni laini, chenye kunepa chini ya kisu. Naye, asipoambiwa, hudhani kwamba anatazama soseji nene ya kizungu, wala si yeye wa kwanza kudhani hivyo, kwa sababu ng'ambo ya mpaka, huko Zambia, ambako hukiita chikanda, watu wamekwisha kukipa lakabu ya soseji ya Kiafrika. Hamna nyama ndani yake hata chembe. Mna unga wa viazi vidogo vya maua ya okidi, mna karanga zilizotwangwa, mna pilipili na chumvi, na mna kiasi kidogo cha magadi au soda, basi. Huliwa chenyewe njiani, na huliwa pia kuwa kitoweo pembeni ya bukari, yaani ugali, hasa katika nyumba ambayo nyama haikufika siku hiyo.

Si kila okidi hutoa kikanda. Zile zikaazo juu ya matawi ya miti, ambazo mizizi yake huning'inia hewani, hazina kiazi chini ya ardhi, na mchimbaji huzipita asizitazame. Zitakiwazo ni zile za ardhini, za jenasi ambazo wataalamu huziita Disa, Satyrium, Habenaria na Brachycorythis, ambazo zimejifunza kuishi katika nchi yenye miezi mitano au sita ya ukame kwa kuuweka uhai wao katika kiazi kilicho chini ya udongo, kadiri ya kidole gumba au kupita kidogo, ilhali shina na majani huyaachia jua na moto wa nyika. Mvua zirudipo, yapata mwezi wa Novemba, kiazi cha mwaka uliopita hutoa shina jipya kwa gharama ya nafsi yake, kikalegea na kusinyaa, na kando yake mmea huanza kujaza kiazi kingine, cheupe na kigumu, kitakachobeba dhamana ya mwaka ujao. Kwa hiyo aung'oaye mmea katikati ya msimu wa mvua hukuta viwili pamoja, kikongwe na kijana, na mchimbaji humtaka kijana. Hapo ndipo ulipo mushkili wote wa habari hii, maana kikongwe hata kikirudishwa shimoni hakioti tena.

Maskani ya mimea hiyo ni dembo, yaani mbuga ndefu ya majani isiyo na miti, iliyolala mahali mito inapozaliwa, yenye udongo unaobaki na unyevu hata baada ya mvua kukoma. Lubumbashi umejengwa juu ya uwanda upitao mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, si mbali na ule mgongo wa nchi unaoyagawanya maji yaendayo Kongo na yale yaendayo Zambezi, mgongo ambao ndio uliofanywa mpaka wa madola mawili. Na katika nchi ya namna hiyo, yenye vijito vingi vinavyoanza taratibu katikati ya misitu ya miombo, madembo ni mengi. Juu zaidi, katika nyanda za Kundelungu na Biano, miti hupungua hata ikawa majani matupu yafikayo upeo wa macho, na okidi za ardhini huko ni nyingi kuliko mabondeni.

Lakini si okidi peke yake iliyochagua maisha ya kujificha chini ya udongo. Mvua ya kwanza inapolowesha majivu ya nyika iliyoungua, hutokea halaiki ya majani mabichi ambayo kila moja lina kitunguu au kiazi chini yake, na baadhi ya majani hayo ni milango ya kaburini. Iko Gloriosa, yenye ua zuri mfano wa ndimi za moto na majani ambayo ncha zake hujisokota kama vikonyo vya kushikia. Kiazi chake kina kolchisini, sumu ambayo haina huruma kwa tumbo wala kwa mwili mzima. Iko Boophone, ambayo kitunguu chake kikubwa hukaa nusu juu ya ardhi na majani yake hufunguka mfano wa upepeo. Wawindaji wa kusini mwa Afrika waliutumia utomvu wake kutilia sumu mishale. Iko Scadoxus, ambayo ua lake jekundu la mviringo hutangulia kutoka kabla ya majani na kuwavutia watoto. Iko Drimia, yenye kitunguu ambacho mtu wa mjini angekichukua bila wasiwasi akakikatia kwenye mafuta. Na huko kichakani, mbali kidogo na dembo, viko viazi vikuu vya porini, vingine chakula halali na vingine, kama kile chenye majani matatu katika kikonyo kimoja kiitwacho Dioscorea dumetorum, si halali mpaka viloweshwe majini siku kadhaa. Katika halaiki hiyo yote hakuna hata mmoja ambao pua peke yake ingetosha kuutolea hukumu.

Basi mchimbaji wa kikanda, ambaye aghalabu ni mwanamke, na pengine yu pamoja na watoto wake, alihitaji dalili nyingine. Ya kwanza ni mahali: kila aina ya okidi ina kiwango chake cha unyevu, nyingine hupenda tope la katikati ya dembo, nyingine huchagua ukingo ambapo majani mafupi hukutana na miti ya kwanza, na ajuaye hivyo hatafuti kila pahala. Ya pili ni jani, ambalo katika okidi lina mishipa iendayo sambamba na hushika shina kwa kulizunguka, na katika baadhi ya Satyrium hulala bapa juu ya ardhi, mawili tu, yakielekeana. Ya tatu, iliyo ya mwisho na isiyodanganya, ni kiazi chenyewe, ambacho hakina magamba yanayobanduka tabaka kwa tabaka kama ya kitunguu, bali ni kitu kimoja kizima, na kikivunjwa na kusuguliwa huteleza na kuvuta nyuzi za ute baina ya vidole. Elimu hii haikufundishwa kwa maneno mengi. Binti alichimba pembeni ya mama yake, akaonyeshwa kikataliwacho na kile kinachotiwa kapuni, na baada ya misimu kadhaa alikuwa amekwisha kuhitimu.

Liko jambo moja katika elimu hiyo ambalo mtu aonaye maua tu hawezi kulidhania, nalo ni kwamba wakati ambapo okidi hutambulika kwa urahisi sio wakati ambapo kiazi chake kimekamilika. Ua hufunguka katikati ya mvua, likasimama juu ya majani mengine kwa rangi yake ya waridi, ya manjano au ya rangi ya chungwa, na kipofu tu ndiye atakayelikosa. Lakini kiazi kijana wakati huo bado kinajazwa. Hujaa barabara mvua zinapokwisha, ua limekauka, majani yamegeuka manjano, na kilichobaki ni ufito mkavu wenye vifuko vya mbegu, ulio mfano wa fito nyingine mia katika dembo lile lile. Kumtambua mtu kwa sura yake akiwa amevaa mavazi ya sikukuu si kazi. Kazi ni kumtambua usiku kwa mwendo wake. Wachimbaji wa zamani walikuwa na maarifa hayo ya pili, na nitarudi kwayo, kwa sababu yalikuwa na faida iliyozidi ile ya kapu lililojaa.

Kikifika nyumbani, kiazi huoshwa, humenywa, huanikwa hata kikauke, kisha hutwangwa na kuchekechwa. Sufuria hutengwa, karanga zilizosagwa huchemshwa pamoja na chumvi na pilipili na magadi, halafu unga wa kikanda hunyunyizwa humo huku mwiko ukizungushwa kwa nguvu, maana mgando wake ni wa ghafula. Hatimaye kifuniko huwekwa na makaa ya moto hupangwa juu yake, ili donge lipate kuokwa toka juu na toka chini na kufanya ule ukoko ambao watoto hugombania. Zamani za kabla ya soda ya dukani, kazi yake ilifanywa na maji ya jivu, yaliyopatikana kwa kuchoma mimea fulani na kuyachuja majivu yake katika chombo chenye matundu. Mpishi hakuwa na haja ya kujua sababu. Wakemia wameieleza baadaye. Ute wa viazi hivi ni glukomanani, kitu kinywacho maji mengi mno na kuvimba, na ambacho kikikutana na alikali na moto hushikamana kikawa kigumu wala hakirudi tena kuwa uji. Wajapani hufanya hivyo hivyo kwa chokaa na kiazi cha mmea mwingine kabisa waupandao mashambani, wakapata konyaku yao.

Wala okidi yenyewe si chakula cha Katanga pekee. Waarabu wa Misri na Shamu, na Waturuki wa dola ya Uthmani, kwa karne nyingi walikunywa sahlabu, kinywaji cha moto cha maziwa kilichofanywa kizito kwa unga wa viazi vya okidi za milimani, na kinywaji hicho kilipata wapenzi hata London kabla ya kahawa na chai kukiondoa njiani. Dioscorides, tabibu wa Kiyunani wa karne ya kwanza, aliviona vile viazi viwili chini ya mmea mmoja, kile kilichojaa na kile kilichosinyaa, akaandika kwamba mume akila kilicho kikubwa atazaa wavulana na mke akila kilicho kidogo atazaa wasichana. Nadharia ambayo, kwa bahati njema, haikuwafikia akina mama wa Katanga, la sivyo nusu ya kapu ingalitupwa.

Wataalamu wa kizungu waliitia Katanga katika vitabu vya mimea mapema sana, lakini kwa upande wa juu. Afisa Edgard Verdick, aliyekuwako Lukafu mwishoni mwa karne ya 19, alikusanya mimea akaipeleka Ulaya, na huko Brussels mtaalamu Émile De Wildeman akaichunguza na kutoa, kuanzia mwaka 1902, kitabu chake juu ya mimea ya Katanga. Mmoja kati ya mimea hiyo ni okidi ambayo hata leo huitwa Disa verdickii. Jina la afisa likaingia katika elimu ya dunia. Sikusudii kuwatia ila watu wale, ambao kazi yao ilikuwa kubwa na vitabu vyao ndivyo tunavyovitegemea. Ila ni haki kusema kwamba macho yao yalikuwa juu ya ua, kwa kuwa ua ndilo litenganishalo aina na aina katika daftari la mtaalamu, ilhali kilichokuwa chini ya ua kilikuwa na wataalamu wake wengine, wasio na daftari. Ilipita karibu karne nzima kabla ya mtu wa chuo kuwapa nafasi inayowastahili, naye ni François Malaisse, aliyefundisha miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambaye kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya vyakula vya misitu ya miombo kilivikusanya pamoja uyoga, viwavi, matunda, asali na viazi vya porini, kama vitu vya mezani na si vitu vya ajabu.

Na kwa kuwa tumo katika kusoma majani, haiwezekani kuiandika Katanga bila kulitaja jani lake mashuhuri kuliko yote, ingawa halina uhusiano na tumbo. Vilima vya shaba vya nchi hii havina miti. Udongo wake una sumu ya madini inayozuia msitu kuota, na juu yake huota majani mafupi na mimea michache iliyozoea sumu ile, mmojawapo ukiwa ni Haumaniastrum katangense, wenye maua ya zambarau, ambao watu wameuita ua la shaba. Wafua shaba wa zamani, waliokuwa wakiyeyusha mukuba, yaani shaba, na kuumimina katika sura ya misalaba iliyosafiri mbali kibiashara, walivijua vilima hivyo vilivyo uchi, na kilima cha Kalukuluku, karibu na mahali ulipokuja kujengwa mji wa Lubumbashi, kilikuwa kimechimbwa nao kabla Wabelgiji hawajakiita Étoile du Congo. Mtaalamu Paul Duvigneaud aliitungia mimea hiyo taarifa kubwa mwaka 1958, na baada yake wachunguzi wa mambo ya kale waligundua kwamba ua lile huota pia juu ya mahame ya tanuri za kale, ambako takataka za shaba zilitia udongo sumu karne nyingi zilizopita, hivyo likawa alama ya mahali walipofanya kazi mababu. Wachimba shaba na wachimba kikanda walikuwa wanafunzi wa madrasa moja: wote wawili waliambiwa na majani habari za kile kisichoonekana.

Mji ulipozaliwa, mambo yalianza kubadilika. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli iliyotoka kusini ilifika mwaka 1910, mwaka ule ule uliowekwa msingi wa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, na shaba ya kwanza ikamiminwa mwaka 1911. Tanuri lilihitaji watu, na nchi iliyolizunguka haikuwa na watu wa kutosha, kwa hiyo wakala Robert Williams alikwenda kuwaandika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ndiyo Zambia ya leo, na kwa miaka ishirini sehemu kubwa ya vibarua wa mgodi walitoka huko, miongoni mwao Wabemba na watu wa bonde la Luapula. Wengine baadaye waliletwa kutoka Lomami, Kasai na Ruanda-Urundi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, bei ya shaba ilipoporomoka na migodi ya Rhodesia yenyewe ilipoanza kuhitaji mikono, uandikishaji ule wa ng'ambo ya mpaka ulikoma. Lakini lugha zao zilikuwa zimekwisha kuingia katika Kiswahili cha kambini, na vyakula vyao katika vyungu vya kambini, ambako kampuni, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwashawishi wafanyakazi wakae na wake zao na watoto, iligawa unga wa mahindi kwa kipimo.

Kikanda hakikuwa kigeni kwa Walamba, wenyeji wa nchi hiyo, ambao mpaka wa kikoloni uliwapasua pande mbili. Wala hakikuwa kigeni kwa Wabemba, ambao ndio watajwao zaidi kila kinapotajwa. Kilichokuwa kipya ni kwamba mjini mchimbaji, mpishi na mlaji hawakuwa tena watu wa nyumba moja. Mke wa kambini hakuweza kutoka na jembe lake kwenda dembo la mwendo wa siku mbili, alinunua. Na alichokinunua kwanza kilikuwa viazi vikavu, vilivyomenywa, visivyo na shina wala jani wala ua, kisha baadaye, kwa kuwa kutwanga nako ni kazi, alinunua unga, na hatimaye, kama wafanyavyo wengi siku hizi, akanunua kikanda kilichokwisha kupikwa, kwa kipande. Kila hatua katika hizo tatu iliondoa dalili moja. Mwanamke wa Lubumbashi aliyezaliwa mjini aweza kukwambia bila kukosea kama kikanda kimetiwa karanga za kutosha na kama soda imezidi, na kama unga umechanganywa na kitu kingine cha bei nafuu atakijua kwa jinsi kipande kinavyokatika chini ya jino; lakini umpeleke dembo mwezi wa Machi umwambie akuonyeshe kikanda, atakuonyesha soko.

Maarifa yakaendelea kukaa na wachimbaji, na bidhaa ikaendelea kuondoka kwao, na safari yake ikawa ndefu zaidi kuliko alivyoweza kudhani mtu yeyote wa kizazi kilichopita. Katika miaka ya 1990 wachuuzi wa Zambia, ambao madembo ya kwao yalikuwa yamepungukiwa, walianza kuvuka mpaka wa Tanzania kutafuta viazi katika nyanda za juu za kusini, huko Sumbawanga, Njombe na Makete, ambako wenyeji hawakuwa na mazoea makubwa ya kuvila na kwa hiyo mbuga zilikuwa zimejaa. Wachunguzi Davenport na Ndangalasi, walioichunguza biashara hiyo na kuandika mwaka 2003, walikadiria kwamba viazi vilivyokuwa vikitoka Tanzania kwenda Zambia kwa mwaka vilikuwa baina ya milioni 2.2 na milioni 4.1, na kwamba aina zilizokuwa hatarini zilifikia 85. Serikali ya Tanzania ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005, juu ya uwanda ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu, nayo ikawa miongoni mwa hifadhi chache mno za Afrika zilizowekwa kwa sababu ya maua yake kuliko wanyama wake. Mkataba wa CITES wa mwaka 1973 nao huziweka okidi zote katika orodha ya vitu visivyouzwa toka nchi hadi nchi bila ruhusa. Lakini gunia la viazi vikavu mpakani ni gunia la viazi vikavu, na askari wa forodha, hata awe mwaminifu kama Abu Bakari, hana jani la kumwongoza.

Ndiyo maana wataalamu walilazimika kutafuta dalili ambayo kumenya na kutwanga hakuwezi kuifuta. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi ya watafiti waliochukua viazi katika masoko ya Zambia wakavisoma kwa njia ya DNA, wakakuta miongoni mwavyo aina ambazo hawakuzitarajia. Naustaajabia ufundi huo, na papo hapo naona ndani yake kinaya: chombo cha thamani kubwa, maabara na wasomi wengi, ili kujibu swali ambalo mama mmoja mwenye jembe angelijibu papo kwa papo kama angeulizwa kabla ya mmea kung'olewa.

Wengine husema, kama kikanda kinatakiwa, na kipandwe. Shauri ni jema ila okidi haiafiki. Kifuko kimoja cha mbegu zake hubeba maelfu ya chembe zilizo nyepesi kuliko vumbi, na wepesi huo umenunuliwa kwa kuacha nyuma akiba yote ya chakula ambayo mbegu ya hindi au ya haragwe huibeba. Chembe ikianguka ardhini haioti mpaka ikutane na kuvu wa udongoni atakayeilisha katika siku zake za mwanzo, na baada ya hapo hupita miaka kabla mmea haujatoa kiazi cha kutazamika. Maabara huweza kuziotesha. Shamba la mkulima wa kawaida haliwezi bado. Kwa sasa kila kikanda kiliwacho Lubumbashi kimetoka katika mmea ambao hakuna mtu aliyeupanda.

Na hapa ndipo ninaporudi kwenye ufito mkavu. Mchimbaji aliyejua kuitambua okidi bila ua lake alikuwa na uwezo wa kungoja. Aliingia dembo mvua zilipokwisha, mnamo Aprili na Mei, vifuko vimekwisha kupasuka na vumbi la mbegu limekwisha kuchukuliwa na upepo, na kiazi alichokitoa, ingawa kilikuwa ndicho uhai wa mmea ule, kilikuwa kimeacha nyuma yake maelfu ya nafasi, hata kama ni moja tu itakayofaulu. Sidai kwamba alifanya hivyo kwa nia ya kuhifadhi. Yaelekea alifanya hivyo kwa sababu kiazi kilichojaa huleta unga mwingi, na kwa sababu wakati wa mvua alikuwa shambani kwake akipalilia. Lakini bei ilipopanda na wachuuzi walipokuja na magunia, waliingia dembo watu wengine, vijana wasio na kazi na wageni wa nchi, ambao walikuwa na dalili moja tu, nayo ni ua. Na mwenye kujua ua peke yake hana budi kuchimba Januari na Februari, wakati ua lingali wazi, kabla mbegu haijafungika, kiazi kikiwa nusu, hivyo ahitaji mimea miwili kujaza mahali pa mmoja. Nionavyo mimi, sehemu ya uharibifu ambayo kwa kawaida hutiwa katika hesabu ya tamaa yastahili kutiwa katika hesabu ya kutojua. Malaisse alipokuwa akiyakusanya maarifa ya vyakula vya miombo, walikuwako bado vijijini wanawake wa kumweleza. Wapo hata leo kuelekea Kundelungu na kwenye vijiji vya mpakani, na yeyote wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi au wa serikali ya mkoa atakayefikiri juu ya kuweka majira ya kuchimba kikanda, kama yalivyowekwa majira ya kuvua samaki katika maziwa, itampasa aanzie kwao, kwa kuwauliza ni kwa alama gani wanaujua ufito wa okidi katikati ya fito nyingine mwezi wa Mei.